Audrey Hepburn, Mtawa wa Sinema

Mwezi uliopita tuliwaonyesha vijana wa parokia yetu hapa Bunia sinema ya zamani iliyotoka mwaka 1959. Jina lake la asili ni The Nun's Story, na kwa Kifaransa yaitwa Au risque de se perdre. Ni habari za Gabrielle, binti wa daktari mmoja wa Ubelgiji, aliyeingia utawani akaitwa Sista Luka, akatumwa Kongo kuuguza wagonjwa, na baada ya miaka mingi akaomba ruhusa ya kutoka shirikani, akatoka. Wasichana wanaofikiri wito walikaa mbele. Taa zilipowashwa, mama mmoja mzee wa Legio alisimama, akasema: "Mwalimu, kila siku twasali rozari tupate mapadri na masista, nawe unatuletea sista aliyetoka! Unawafundisha nini watoto hawa?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Siku ile tulimjibu kwa haraka tena vibaya, maana mafuta ya jenereta yalikuwa yakiisha. Leo twataka kumjibu polepole, na jibu letu halina budi kupitia kwa yule mwanamke aliyecheza mahali pa Sista Luka, yaani Audrey Hepburn.

Alizaliwa Brussels tarehe 4 Mei 1929. Mama yake alikuwa Mholanzi wa ukoo wa makabaila, baba yake raia wa Uingereza. Baba aliiacha nyumba mtoto alipokuwa na miaka sita. Vita vilipoanza, mama akamhamishia Uholanzi akidhani huko kutakuwa na usalama, lakini mwaka 1940 Wajerumani wakaingia. Mwaka 1942 wakampiga risasi mume wa dada ya mama yake. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945 njaa ilikuwa kali hata watu wakala vitunguu vya maua, na Audrey alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano. Vita vilipokwisha, chakula kililetwa na UNRRA, chama cha mataifa kilichowasaidia watu walioharibiwa na vita. Shikeni jambo hilo, tutalirudia.

Alitaka kuwa mchezaji wa baleti, akaenda London kujifunza, lakini akaambiwa hatafika mbali: alikuwa mrefu mno, na njaa ilikuwa imemwachia mwili dhaifu. Ndipo akageukia tamthilia na sinema. Mwaka 1953 alicheza binti wa mfalme katika Roman Holiday, akapata Oscar. Tangu Sabrina, ya mwaka 1954, nguo zake nyingi zilishonwa na Givenchy wa Paris, na wanawake wa dunia nzima wakaanza kuiga mavazi yake na nywele zake. Ni kazi nzuri za kuchekesha na kupendeza. Hatuzidharau, lakini hatuoni sababu ya kukaa juu yake sana.

Sasa fikirini mtu wa namna hiyo avikwe vazi la utawa. Nywele zafichwa, shingo yafichwa, nguo ni ileile ya kila sista. Msimamizi wa sinema, Fred Zinnemann, aliwapeleka wachezaji wake siku chache katika nyumba za masista Paris, wajifunze namna ya kutembea, kupiga magoti na kunyamaza. Audrey hakuwa Mkatoliki. Hata hivyo hakuna mahali hata pamoja anapocheza kwa mzaha, wala hatembei kama mtu aliyeazima kanzu. Amebakiwa na uso na mikono tu, na kwa hivyo viwili anaubeba mchezo wa saa mbili na nusu.

Tutoe mfano mmoja. Sista Luka anasoma magonjwa ya nchi za joto, naye ni hodari. Mkuu wake anamwambia aanguke mtihani kwa kusudi, apate unyenyekevu, na sista mwenzake asione wivu. Siku ya mtihani anasimama mbele ya walimu, swali linaulizwa, yeye kimya. Twaona macho yake yakishuka, yakipanda. Anajua jibu. Kisha anajibu, na anajibu vizuri, na usoni pake furaha na aibu vinakuja pamoja. Pale ukumbini wasichana waliacha kutafuna karanga. Tangu dakika ile twajua kwamba vita vyake si juu ya mwanamume. Daktari Fortunati, anayechezwa na Peter Finch, ni mtu wa kupendeza, na sinema mbaya ingefanya hadithi yote iwe yake. Vita vyake ni juu ya utii, jambo ambalo kila mtawa alijua kabla ya sinema kuletwa duniani.

Na mwisho wake! Sisi tulikuwa na kazi ya kutafsiri Kifaransa kwa Kiswahili, tukisema juu ya sauti za sinema. Tulipofika mwisho tulinyamaza, maana hakuna neno la kutafsiri wala muziki. Mwanamke anavua vazi katika chumba kidogo, anavaa nguo za kiraia zisizomkaa vema, mlango unafunguka wenyewe, anatoka, anashika njia nyembamba, anakata kona. Hakuna anayemwambia mtazamaji acheke au alie. Yule mama wa Legio alisema sista ameshindwa. Kijana mmoja akasema ameshinda. Uso wa Audrey haukukubali neno la yeyote kati yao, na hiyo ndiyo sababu tunasema hii ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote. Katika My Fair Lady ya mwaka 1964 nyimbo zake nyingi ziliimbwa na mwanamke mwingine, Marni Nixon. Kwetu Bunia hata maneno yake yalisemwa na wengine, kwanza kwa Kifaransa, kisha na katekista mwenye mafua, wala hakupungua.

Lakini sinema yenyewe ina kosa, na kosa hilo latuhusu. Mwanzoni mwa mwaka 1958 walikuja kuipiga Stanleyville, Kisangani ya leo, kule tunakofika kwa njia ya Mambasa na Nia-Nia. Mto waonekana, pirogi zaonekana, watu wetu waonekana wakiimba na kusimama pembeni. Lakini Wakongo wawili wenye maneno walichezwa na Errol John, mtu wa Trinidad, na Orlando Martins, Mnigeria. Masista wote wanaosema ni Wazungu. Sista Luka mwenyewe anasikitika kupangwa hospitali ya Wazungu, hali alitamani kuuguza weusi. Sinema imeona kosa hilo la wakoloni, kisha yenyewe ikalifanya. Maana tarehe 5 Agosti 1959, mwaka uleule wa sinema, msichana wa Wamba aliweka nadhiri zake Bafwabaka. Ni Anuarite Nengapeta, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa kuilinda nadhiri yake, akatangazwa Mwenye Heri Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Watawa wa Kikongo walikuwapo, na kamera haikugeuka upande wao.

Audrey hakuacha Afrika katika sinema tu. Baada ya mwaka 1967 alipunguza kucheza, alee wanawe wawili. Ndoa zake mbili zilivunjika, nasi hatufichi. Mwaka 1988 akaanza kazi ya UNICEF kwa kwenda Ethiopia penye njaa. Alipoulizwa sababu, alikumbusha kwamba mwenyewe alikuwa mtoto wa kupokea msaada baada ya vita. Septemba 1992 akafika Somalia. Katika picha za safari ile amekonda, hana rangi usoni, amebeba mtoto; sisi wa Ituri, tuliozoea maturubai yenye herufi za UNICEF, hatuhitaji kuelezwa picha hizo. Macho ni yaleyale ya Sista Luka, ila sasa yanamtazama mtoto, hayaitazami kamera. Alikufa kwa saratani huko Uswisi tarehe 20 Januari 1993.

Basi mama, hatukuwaonyesha wasichana njia ya kutoka. Tuliwaonyesha utii una bei gani, kwa uso usiosema uongo, ili atakayeingia aingie akijua. Wawili kati yao wameomba kuiona tena, nasi tumekubali, na safari hii tutatangulia kusimulia maisha ya Anuarite. Mama amesema atakuja. Amesema pia atakaa karibu na mlango.