Kobalti Chini ya Bawa: Ana kwa Ana na Injini za Memphis Belle

Jamani, nimeziona! Wright R-1820 Cyclone, injini zilizoirusha ndege ya mabomu B-17 katika Vita Kuu ya Pili, ziko nne kwenye mabawa ya B-17 iitwayo Memphis Belle, katika jumba la makumbusho la Jeshi la Anga la Marekani karibu na Dayton, Ohio. Kila injini ina silinda tisa zilizopangwa duara, kila silinda imevikwa mapezi membamba ya kupozwa na upepo. Ujazo, karibu lita 30. Nguvu, farasi 1,200! Studebaker, wale wa magari, walitengeneza zaidi ya 60,000 wakati wa vita.

Lakini mtu wa Manika, kwetu Kolwezi, asiishie mbele. Apite chini ya bawa, atazame tumbo la injini. Hapo ndipo lilipo gurudumu la tabo (turbo), na hapo ndipo nilipoganda. Mita 7,000 na zaidi angani hewa ni nyepesi, injini hukosa pumzi. Basi moshi wa silinda hulizungusha gurudumu lile zaidi ya mara 20,000 kwa dakika, nalo huendesha feni inayoishindilia injini hewa. Madereva wetu wa malori ya madini, barabara ya Kolwezi hadi Likasi, wanaijua kazi hiyo vizuri. Sanford Moss wa General Electric aliijaribu tabo kwa injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak tangu 1918.

Adui alikuwa joto. Moshi ule huufanya mtambo uwe mwekundu kama kaa, na mapanga madogo ya gurudumu yakilegea, yanakatika. Wakati wa vita General Electric wakageukia Vitallium, aloi ambayo sehemu yake kubwa ni kobalti. Kobalti, ndugu zangu! Kongo ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani, kupitia migodi ya Union Minière huku kwetu Katanga, na Ubelgiji ilipovamiwa Mei 1940 madini yetu yakaelekea Marekani.

Sijawahi kuona mtambo mzuri kuliko huu. Leo kila mtu anataja kobalti ya Kolwezi kwa ajili ya betri tu. Viongozi wa Lualaba, na ninyi wenye migodi: tafuteni tabo moja ya namna hii, iwekwe Kolwezi, vijana wa shule za ufundi waishike kwa mikono yao.