Pongezi kwa Mizani ya Majani Chai

Methali za Wayahudi wa kale zilizokusanywa katika kitabu cha Mithali zina harufu ya soko na shamba. Kwa Kiebrania, neno even ni jiwe na pia ni kipimo, kwa kuwa mfanyabiashara alibeba mawe ya kupimia mfukoni. Wanaakiolojia wamefukua mengi katika nchi ya Yuda. Mwenye hila aliweza kubeba ya aina mbili, mazito ya kununulia na mepesi ya kuuzia. Ndiyo maana wahenga hao waliuhesabu udanganyifu wa mizani kuwa kosa mbele za Mungu, wala si ujanja wa biashara.

Mchumaji wa chai wa Kericho au Bomet, nchini Kenya, hahitaji mfasiri hapo. Majani mawili na chipukizi, aliyoyachuma tangu umande haujakauka, hugeuka fedha pale tu yanapotundikwa kwenye mizani ya kituo cha kununulia chai. Atasema mtu kwamba methali hizo humsifu chungu na kumkemea mvivu, hivyo humfaa tajiri anayetaka vibarua watiifu. Lakini kitabu hichohicho kinamkemea pia anayemdhulumu maskini. Bidii bila kipimo cha haki ni jasho la bure. Mwingine atasema mizani ya kisasa haidanganyi. Kweli, ila husomwa na mtu. Basi pongezi zimwendee karani anayeisoma kilo kwa sauti na kuiandika ilivyo: ndiye mrithi wa hekima hiyo.