Maili 3,000 kwa Dizeli ya Mifukoni

Mwaka 2015 James na Jennifer Hamilton, mume na mke waliokuwa wakizunguka dunia kwa boti yao Dirona, waling'oa nanga Dampier, magharibi mwa Australia, wakaikata Bahari ya Hindi hadi kisiwa cha Rodrigues, milki ya Mauritius. Ni maili za baharini zipatazo 3,000, nao hawakutua popote njiani. Dirona ni boti aina ya Nordhavn 52: injini kuu moja ya dizeli, tanga hakuna. Ili ifike na akiba mkononi, ilipakia juu ya sitaha mifuko laini iliyojaa dizeli.

Wengi wakiiona picha ya mifuko hiyo hudhani siri yote imo humo. Mimi naona mfuko ni nusu tu ya kazi. Tuchukue boti ya mfano, si Dirona yenyewe: ina tani 30, tangi la lita 6,000, na injini inayokula lita 20 kwa saa kwa mwendo wa noti 7, yaani maili 7 za baharini kwa saa. Tukitenga asilimia 10 kuwa akiba, itafika maili 1,890. Ongeza mifuko ya lita 2,000 bila kubadili mwendo: maili 2,520. Sasa iache mifuko bandarini, upunguze mwendo hadi noti 6: maili 2,571. Noti moja imeishinda mifuko yote!

Sababu ni kwamba boti nzito inayopasua maji huhitaji nguvu inayopanda kwa karibu mchemraba wa mwendo. Kutoka noti 7 kwenda 6, lita 20 kwa saa zinashuka hadi 12.6 hivi. Kwa kweli faida hupungua kidogo, maana jenereta na jokofu havijui kama boti inakwenda polepole. Na kwa maili 3,000 hakuna kati ya hizi mbili, mifuko hiyo au noti 6, inayotosha peke yake. Ukiziunganisha, mwendo mdogo pamoja na mifuko, boti yetu inafika maili 3,428, na bado ina lita 800 za akiba.

Bei ya mifuko hailipwi kwa fedha tu. Lita 2,000 za dizeli zina uzito wa kilo 1,680 hivi. Ukiziweka mita moja na nusu juu ya kitovu cha uzito cha boti, kitovu hicho kinapanda karibu sentimita 8. Chombo kitakwenda mrama zaidi, na kikilala upande kitachelewa kuinuka. Mafuta yaliyo chini kwenye tangi yanafanya kazi ya farumi; yaliyo juu yanafanya kinyume. Hali mbaya kuliko zote ni tangi la chini kukaribia kuisha huku mifuko ya juu ingali imejaa. Kwa hiyo mifuko ndiyo humalizwa kwanza.

Hapo ratiba ndiyo ufundi wenyewe. Injini hainyonyi mfukoni, kwa sababu hewa kidogo ikiingia kwenye mpira wa mafuta inaweza kuizima katikati ya bahari. Inanyonya kwenye tangi kuu kama kawaida. Tangi likipata nafasi ya mfuko mmoja, tuseme lita 500, mafuta hayo yanashushwa kwa pampu kupitia chujio, mfuko unabaki mtupu, unakunjwa na kuhifadhiwa. Kwa lita 12.6 kwa saa, nafasi hiyo hupatikana kila baada ya saa 40. Mifuko minne inakwisha kwa saa 160, yaani chini ya siku saba, katika safari ya siku 21.

Siku saba hizo hazikuja kwa bahati tu. Utabiri wa hali ya hewa unaaminika kwa siku tano hivi, hadi wiki, kisha unafifia. Nahodha anayejua kazi yake husubiri bandarini mpaka aone wiki tulivu, ndipo aondoke. Kipindi chake cha hatari ya uzito wa juu kinaangukia karibu chote ndani ya siku anazoweza kuziona mbele. Bahari ikija kuchafuka siku ya kumi na mbili, itamkuta na sitaha tupu.

Mfuko una faida nyingine ambayo pipa au dumu haina. Dumu likipungua mafuta, nafasi inajazwa na hewa na mvuke, na kilichobaki kinachapa huku na huko. Mfuko hujikunja kadiri unavyopungua. Lakini usidanganyike: mfuko uliofika nusu nao hutambaa kama samaki aliyetupwa sitahani, ndiyo maana humalizwa mmoja mmoja badala ya kupunguzwa yote kidogo kidogo. Hufungwa kwa mikanda ipitayo juu yake na kushikwa na vyuma vya sitaha, na chini hutandikwa mkeka mnene ili usichubuke. Wala haujazwi pomoni. Lita 1,000 za dizeli zikipata joto la nyuzi 15 zaidi juani, zinatanuka kwa lita 12 hivi, na lazima zipate pa kwenda.

Kwa wenzetu wa boti za faiba wanaokwenda bahari kuu na madumu ya petroli, hesabu inabadilika. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutuama kwenye ngama ukingojea cheche, kwa hiyo mfuko wa petroli ukae mahali wazi penye upepo, kamwe usiwekwe ndani ya chumba. Mfuko wa maji ya kunywa usitiwe mafuta hata kama unafanana. Haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Tena ile kanuni ya mchemraba haifai kwa boti inayopaa juu ya maji: ukiipunguza ikaacha kupaa, inaweza kula mafuta mengi zaidi kwa kila maili. Kabla ya kununua mfuko wowote, pima kwanza boti yako inakula lita ngapi kwa maili katika mwendo mbalimbali, ikiwa imebeba mzigo wake kamili.