Nguvu ya Mguu Inaishia Wapi? Mwongozo wa Kukagua Escort Iliyotolewa Waya wa Klachi

Mwaka 1972 Hannu Mikkola na Gunnar Palm walishinda Safari Rally kwa Ford Escort RS1600, na Mikkola akawa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kutwaa ushindi huo. Mwaka 1977 Björn Waldegård na Hans Thorszelius wakashinda kwa RS1800. Tangu hapo Escort ina wapenzi wake Kenya, na mwenye Mk2, iliyotengenezwa kati ya 1975 na 1980, hachoki kuitafutia spea. Kinachomsumbua ni giaboksi. Gia nne za asili huifanya injini ipige kelele safari nzima ya barabara kuu, wakati giaboksi za Toyota za gia tano, imara na za bei ya kufikika, zinapatikana kwa wauza spea wa Kirinyaga Road jijini Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam. Tatizo ni kwamba klachi ya Escort inavutwa kwa waya, na ile ya Toyota inasukumwa na mafuta.

Kazi ya kuibadili klachi iwe ya mafuta ikiisha, fundi atawasha gari na kukuonyesha gia zikiingia moja baada ya nyingine. Hilo peke yake halitoshi kumlipa. Klachi iliyofungwa vibaya nayo huingiza gia vizuri wiki ya kwanza. Ukitaka kuijua kazi, fuata nguvu ya mguu kuanzia kwenye pedeli hadi kwenye beringi ya klachi, na kila hatua uulize ni chuma gani kinaibeba.

Anza kwa kuinama chini ya dashibodi. Pedeli ya klachi ya waya imefungwa juu ya egemeo lake: mguu ukienda mbele, ncha ya juu inarudi nyuma na kuuvuta waya. Klachi masta, silinda inayosukuma mafuta, inataka kinyume chake. Fimbo yake lazima isukumwe mbele, kwa hiyo inapaswa kushikwa chini ya egemeo. Hapa ndipo fundi makini na fundi wa haraka wanapoachana. Wa haraka huchomelea kipande cha chuma kwenye pedeli ya zamani mahali panapompa nafasi, bila kupima. Makini hupima umbali kutoka egemeo hadi kwenye kikanyagio, kisha kutoka egemeo hadi kwenye fimbo, na kutafuta uwiano wa karibu sita kwa moja. Pedeli inayosafiri mm 150 itaisukuma fimbo mm 25. Tazama pia kama fimbo inaingia kwenye masta ikiwa imenyooka. Ikiingia kwa mshazari itakula raba upande mmoja, na mafuta yataanza kuchuruzika juu ya zulia.

Sasa fungua boneti, na hapa usiwe na haraka. Masta imefungwa kwenye nini? Bati linalotenganisha injini na miguu ya dereva ni jembamba. Siku za waya, ganda la waya lilikuwa likilisukuma kuelekea kwa dereva. Masta inalisukuma upande wa injini, tena mahali ambapo kiwandani hapakuwekwa chochote cha kulikaza. Mwambie mtu akanyage klachi taratibu huku wewe umeweka ncha ya kidole kwenye mdomo wa masta. Bati likipumua, utalihisi. Mm 2 zikipotea hapo kati ya zile 25, asilimia 8 ya mwendo imekwisha kabla mafuta hayajafika popote, na bati linalokunjwa kila siku hatimaye hupasuka pembeni mwa bolti. Bamba la mm 3 kila upande wa bati linasaidia. Kazi ninayoiheshimu zaidi ni ile ambayo bolti za masta zinapita kwenye bati na kushika bano lenyewe lililobeba egemeo la pedeli. Hapo nguvu inazunguka ndani ya chuma kimoja, na bati linabaki na kazi yake ya kuzuia joto na moshi.

Ukubwa wa masta unahitaji hesabu kidogo, na fundi asiyeweza kukufanyia hesabu hiyo amebahatisha. Chukua silinda ya chini, ile mafundi wanayoiita slevu, yenye kipenyo cha mm 20.6. Masta ya inchi 5/8 ikisukumwa mm 25 itaitoa fimbo ya slevu karibu mm 15. Masta ya inchi 3/4 itaitoa mm 21, lakini mguu utalemewa. Ikiwa ndogo mno, klachi haiachi sawasawa na gia zinakwaruza. Ikiwa kubwa mno, beringi inavisukuma vidole vya presha pleti kupita kiwango na kuviharibu. Kwa sababu hiyo pedeli inahitaji kizuizi cha kuisimamisha mara klachi inapoachia. Usipokiona, uliza kiko wapi.

Jambo dogo linaloua klachi nyingi mpya ni nafasi kati ya fimbo na pistoni ya masta pedeli ikiwa imepumzika. Lazima iwepo, hata mm 1. Bila nafasi hiyo kitundu cha kurudishia mafuta hubaki kimezibwa, mafuta yanavimba kwa joto la injini, na klachi inaanza kuteleza mlimani wakati asubuhi ilikuwa salama. Fundi asiyejua atakuuzia klachi pleti nyingine.

Kwenye paipu sina mengi. Kati ya bodi na slevu pawe na hosi inayopinda, maana injini hutikisika juu ya raba zake na paipu ngumu itakatika. Paipu ikae mbali na ekzosi: mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Nipo ya kutolea upepo iwe sehemu ya juu kabisa ya slevu. Nimeona slevu iliyofungwa kichwa chini, na mwenye gari akishauriwa kukanyaga mara mbili kabla ya kila gia.

Ndani ya giaboksi huwezi kuona, kwa hiyo uliza. Shafti ya giaboksi ya Ford Type 9 ina meno 23 na ya Toyota nyingi ina 21. Klachi pleti lazima ifuate giaboksi, na presha pleti ifuate flaiwili. Uliza kiberingi cha mwisho wa krenki kimekerezwa na nani, na kama kava la klachi linalounganisha injini na giaboksi lilipimwa kwa geji ya saa kuona kama limekaa katikati ya krenki. Tremec, watengenezaji wa giaboksi, wanataka mkengeuko usizidi inchi 0.005, kama mm 0.13. Kosa la hapo halijifichi muda mrefu: beringi inalia na gia zinaanza kuchomoka. Na fundi aliyekueleza mapema kwamba Type 9 ya Ford Sierra ina gia tano na klachi yake pia inavutwa kwa waya, akakuacha uamue mwenyewe, nampa alama kabla sijaona kazi yake.

Jaribio la mwisho lifanye injini ikiwa baridi, kisha tena ikiwa moto. Kanyaga hadi mwisho, subiri sekunde tano, ingiza rivasi, ambayo kwa giaboksi nyingi za zamani haina sinkro. Ikikwaruza, klachi haijaachia. Halafu kaa gia ya kwanza, mguu chini kabisa kwa dakika moja mahali tambarare. Gari likianza kujivuta, raba ya masta inapitisha. Mwisho panda mlima kwa gia ya nne, ukanyage mafuta, na usikilize kama injini inapanda peke yake.

Kabla hujalipa, mwambie fundi aandike kila kifaa kimetoka gari gani na saizi yake: masta, slevu, pleti, presha, beringi. Atakayefungua giaboksi hiyo miaka mitano ijayo, huenda mji mwingine, hatakuwa na kitabu chochote cha Ford wala cha Toyota kitakachomsaidia.