Kitete na Ishara ya Ubatili

Katika uchoraji wa vitu tuli uliositawi Uholanzi katika karne ya 17, kitu huondolewa matumizini ili kiwe ishara. Fuvu, kombe la baharini na taa iliyozimika katika mchoro wa Harmen Steenwijck wa mnamo 1640 vinamkumbusha mtazamaji ubatili wa mali. Msomaji wa fasihi ya Kiswahili anaifahamu mbinu hii: katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anayafanya magofu ya majumba ya Pate, pamoja na vidaka vilivyokosa vyombo, yatoe funzo lilo hilo.

Je, kigezo hiki kinafaa kuhakikia kitete, yaani kibuyu cha Wakamba wa Kitui na Makueni? Hakifai. Nakshi za wanyama na watu huchorwa juu ya kitete chenyewe, nacho huendelea kubeba maziwa au uji. Kinapopasuka hushonwa, na mshono huo huwa sehemu ya sura yake. Hapa kupita kwa wakati kunasomwa katika ukarabati. Kwa hiyo, mhakiki anayeziita nakshi hizo pambo tu anakosea. Na jumba la makumbusho linapokiweka kitete nyuma ya kioo hukigeuza kuwa kitu tuli, kinyume cha maana yake.