Nusu Vanila, Nusu Chokoleti: Mpaka wa Keki Unavyosimama

Ukimuuliza mwokaji amewezaje kuweka ladha mbili kwenye keki moja, atakuonyesha ukuta: kipande cha kadibodi kilichovikwa foili, kilichokatwa kikaenea barabara katikati ya trei. Ukuta huo hupewa sifa nyingi mno. Hukaa kwenye trei dakika mbili tatu tu, kisha hung'olewa, na keki ikaingia kwenye oveni bila kizuizi chochote. Kama mpaka utanyooka au utapinda, hilo limeshaamuliwa kwenye bakuli.

Keki ninayoichambua ni ya mraba, sentimita 20 kwa 20, iliyoagizwa kwa ajili ya ndugu wawili ambao hawakuafikiana kuhusu ladha. Vipimo vyake ni vile vya siku zote: siagi gramu 250, sukari gramu 250, unga wa ngano gramu 250 na mayai 5, pamoja na bekingi pauda vijiko viwili vya chai. Yai la wastani bila ganda lina kama gramu 50, kwa hiyo mayai nayo yanafikia 250. Mwenye mayai ya kienyeji, ambayo ni madogo, ayapime kwenye mizani badala ya kuyahesabu.

Njia ya mkato inayotumiwa na wengi ni kutengeneza mchanganyiko mzima wa vanila, kuugawa, kisha kumwaga kakao kwenye nusu moja. Hapo ndipo keki inapoanza kwenda upande. Unga wa kakao hunywa maji kuliko unga wa ngano, kwa hiyo nusu hiyo hukaza papo hapo. Isitoshe, imebidi ikorogwe mara ya pili ili kakao ichanganyike, na ngano iliyolowa kadiri inavyokorogwa ndivyo gluteni yake inavyozidi kukaza. Ukiitoa keki, vanila imeumuka vizuri, chokoleti imedumaa na inatafunika kama mkate. Lawama anatupiwa fundi wa oveni.

Mwokaji wetu aligawa mapema. Alipiga siagi na sukari hadi zikawa nyeupe na nyepesi, akatia mayai moja moja, kisha akaupima mseto huo kabla haujaona unga: takriban gramu 375 kila bakuli. Bakuli la kwanza lilipata unga gramu 125 na vanila. La pili lilipata unga gramu 100 na kakao gramu 25, vikiwa vimechekechwa pamoja. Bekingi pauda iligawanywa sawa, na kila bakuli lilikorogwa mara moja tu, kwa mwiko na kwa mkono mwepesi.

Kisha maziwa. Vanila ilitosheka na kijiko kimoja cha mezani, chokoleti ilitaka vitatu. Usiikariri idadi hiyo, kwa sababu kakao hazilingani. Kipimo cha kuaminika ni mwiko: uinue kwenye bakuli hili, kisha kwenye lile. Mchanganyiko unatakiwa udondoke kwa mabonge, kwa mwendo uleule pande zote mbili. Ukitiririka, umeshakuwa mwepesi mno. Ndiyo maana keki za mafuta ya maji, ambazo mchanganyiko wake hutiririka, hazifai kwa kazi hii.

Kuhusu kakao yenyewe, ile ya asili ina asidi, na wengine huongeza magadi soda upande huo ili kuikata. Kwenye keki ya ladha moja ni sawa. Hapa inaupa upande mmoja nguvu ya kuumuka ambayo mwenzake hana. Bora kutumia kakao iliyopunguzwa asidi kiwandani, ambayo pia ina rangi nzito zaidi. (Kakao ya Tanzania hulimwa zaidi Kyela, lakini sehemu kubwa husafirishwa ikiwa mbegu, nasi tunanunua unga wa makopo kutoka nje.)

Kwenye trei, bakuli moja halikumiminwa lote kwanza. Viliingia vijiko kadhaa huku, vijiko kadhaa kule, ili ukuta usisukumwe. Ukuta ulivutwa wima, polepole, bila kutikiswa. Wanaopenda kugonga trei mezani kutoa mapovu wafanye hivyo ukuta ukiwa bado umesimama.

Hatari kubwa inakuja kwenye oveni, nyuzi 170. Siagi huyeyuka mapema, wakati mayai na wanga bado havijashika, na kwa muda huo mchanganyiko wote hulegea. Kama upande mmoja ni mzito, huteleza chini ya mwenzake na mpaka unalala mshazari. Bahati mbaya mpaka unapita katikati ya trei, mahali panapochelewa kuliko pote kuiva. Kijiti kichomwe sehemu tatu: kila upande, na juu ya mpaka wenyewe. Rangi haitakusaidia, kwani chokoleti ni nyeusi tangu mbichi. Anayeoka kwa mkaa ana kazi ya ziada ya kusawazisha makaa juu ya mfuniko, maana upande wenye moto mkali utaumuka na kushika kabla ya mwingine.

Waingereza wana njia ya kukwepa mtihani wote huu. Keki yao ya Battenberg, yenye miraba ya waridi na njano, huweza kuokwa kwenye trei moja iliyotengwa kwa karatasi iliyokunjwa, na karatasi haitolewi hadi keki iive. Vipande hukatwa, vikagandishwa kwa jamu ya aprikoti na kuviringishiwa marzipani. Inapendeza, lakini kwangu mimi hizo ni keki mbili zilizounganishwa.

Linabaki jambo moja linalosahaulika. Keki ikishapakwa krimu, hakuna anayejua mpaka uko wapi. Mwokaji wetu alitia alama mbili za kalamu kwenye ukingo wa kadibodi ya chini, zikielekezana. Aliyekata kwa kuufuata mstari huo aliwapa ndugu kila mmoja kipande cha ladha yake. Wageni wengine walikatiwa kwa kuuvuka, wakapata zote mbili kwenye kipande kimoja.