"Sarafu Bandia" au Sarafu ya Dhamana?

Katika tafsiri moja ya maelezo ya mkusanyo wa sarafu za zamani, niliyoletewa niipitie, istilahi "sarafu bandia" imetumiwa kwa vitu vitatu: pesa za shaba za miaka ya 1890, sarafu zilizopigwa Tabora mwaka 1916, na vibati ambavyo wafanyabiashara na wenye mashamba walivitoa kwa majina yao wakati chenji ilipoadimika. Istilahi hiyo haifai hata kwa kimoja.

Bandia ni kitu kinachojisingizia kuwa kingine. Pesa ya shaba haikumdanganya mtu. Ilitolewa kati ya 1890 na 1892 na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki kwa idhini ya serikali yao. Upande mmoja ina tai na jina la kampuni, upande wa pili maandishi ya Kiarabu yanayoitaja hiyo kampuni. Pesa 64 zilifanya rupia moja, hadi serikali ya kikoloni iliposhika utoaji wa fedha mwaka 1904 na kuigawa rupia katika hela 100. Hiyo basi ni sarafu ya kampuni.

Za Tabora ni jambo jingine. Vita vilikuwa vimefunga njia ya bahari, na sarafu zikapigwa katika karakana ya reli: hela 5 na hela 20, nyingi zikiwa za shaba nyeupe na nyekundu zilizopatikana papo hapo, na rupia 15 za dhahabu zenye sura ya tembo. Wabelgiji waliingia mjini Septemba mwaka huohuo. Mtoaji alikuwa serikali; kwa hiyo, ni sarafu ya dharura.

Mfasiri anazidi kupotoka anapozihesabu pamoja nazo merikani, kaniki na shanga za sofi za Ujiji, ambazo misafara ilizitumia kabla ya rupia kuenea bara. Hizo ni bidhaa zilizopokewa kuwa malipo. Si sarafu za namna yoyote.

Vinabaki vibati vya wafanyabiashara, na hapa ndipo penye ugumu. Uingereza iliwahi kuwa navyo kwa wingi: mwaka 1787 kampuni ya machimbo ya Parys, kisiwani Anglesey, ilianza kutoa vyake. Thamani ya kibati ni ahadi ya mtoaji kwamba atakikomboa. Napendekeza "sarafu ya dhamana", ingawa mahakimu watanung'unika kwamba dhamana ni yao. Wapo wapendao "tokeni". Sipingi ukopaji, pesa imetoka Bara Hindi na hela ni heller ya Wajerumani. Lakini hayo yalizoeleka sokoni kabla ya kufika kwenye orodha zetu, na tokeni haimwonyeshi msomaji nani anadaiwa.

Karani wa forodha akisoma "sarafu bandia" juu ya kifurushi cha mkusanyaji, ana haki ya kumwita polisi.